Furu za Mwalimu Nyamizi

Jamani, nina ngano mdomoni.

— Iteme tuisikie.

Ina mifupa.

— Tutaitafuna polepole.

Basi sogeeni. Hapo zamani, zamani ile ya wanyama na watu kusalimiana njiani, palikuwa na jabali kubwa lililosimama peke yake katikati ya mbuga. Nilikuwepo. Anayebisha abishe sasa, sitaki kukatizwa katikati. Nilikuwa nimejibanza kwenye mwanya wa jiwe, nikaona yote kwa macho yangu haya mawili, na enzi hizo yalikuwa makali kuliko ya kijana yeyote aliyeko hapa.

Juu ya jabali lile waliishi pimbi. Msicheke. Nasema pimbi wale wanyama wa kwenye mawe, wafupi, wasio na mkia, si majirani zenu. Pimbi hana pembe. Hana kucha za maana. Ana macho tu. Kila asubuhi wakubwa wakishuka chini kula majani, mmoja hubaki juu ya jiwe akiangalia mbingu, maana huko ndiko anakotokea Tai. Akimwona, anapiga ukelele, na wote wanakimbilia pangoni. Asipomwona, jioni kuna mtoto anayelia njaa na hana wa kumlilia.

Kazi ya kuwafundisha watoto kuangalia ilikuwa ya Mwalimu Nyamizi, pimbi wa makamo, mpole, mwenye wasiwasi mwingi. Hakuwa na fimbo. Alikaa na watoto juu ya jiwe, akawauliza wanaona nini, nao wakamwambia. Huyu kaona wingu, huyu kaona kipepeo, huyu kaona mwewe anayefuata vifaranga vya watu kule kijijini. Mtoto akikosea, Nyamizi anamwambia, "Angalia tena mabawa yake." Mtoto anaangalia tena. Basi, shule ilikuwa hiyo.

Katika watoto wale hakuna aliyemfikia Shija. Shija alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, na zamu yake ikiisha alikuwa hataki kushuka. Mama yake anamwita chini aje ale, yeye anajibu, "Subiri kidogo, mama. Kuna kitu kinakuja na bado sijakijua." Mama Shija anacheka, anamwekea majani yake pembeni.

Kiangazi kikakaribia. Kiangazi Tai anakuwa na makinda, na Tai mwenye makinda hana mchezo. Wazazi wakaanza kumwandama Nyamizi. Watoto wako wazito, walimwambia. Wengine wanasinzia, wengine wanacheza na mijusi, sasa Tai akija itakuwaje? Nyamizi hakulala vizuri tena. Mwisho akateremka bondeni kwa Ngedere, aliyekuwa na mti wa mfuru na watoto wengi wanaotii.

"Watoto wako unawapa nini?" Ngedere akamuuliza.

"Nawapa masomo."

Ngedere akacheka mpaka akajikuna mbavu. "Mwalimu, na wewe. Mtoto hafanyi kazi ya bure. Wewe ungeifanya? Chukua furu hizi. Anayepiga ukelele, mtupie moja, halafu uje uniambie."

"Na zikiisha?"

"Zikiisha watakuwa wameshazoea."

Furu, kwa msiozijua, ni tunda jeusi, tamu, na ukilila linakuachia ulimi mweusi kama masizi ya chungu. Nyamizi akabeba furu zake. Akapanda nazo jabalini.

Mara ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Hakuna mtoto aliyesinzia. Shingo zote juu, macho yote mbinguni. Mtoto akiona kitu anapiga ukelele, anapata furu, anawatolea wenzake ulimi. Wazazi wakamsifu Nyamizi mpaka akaona haya. Ila palikuwa na mtoto mmoja mzito, Holo, ambaye kila mara alikuwa anaona nyuma ya wenzake. Wakamwita Ulimi Mwekundu. Akawa anaokota maganda yaliyotemwa na wenzake na kuyalamba, apate japo weusi kidogo. Walipomkamata wakamcheka, na tangu hapo Holo hakupanda tena kwenye jiwe.

Mara ya pili yakaanza kuharibika. Watoto walipigia ukelele kila kitu. Jani likipeperuka, ukelele. Vumbi likiinuka, ukelele. Wakubwa wakakimbia pangoni na kutoka, pangoni na kutoka, mpaka wakalala na njaa. Nyamizi akaweka sheria kwamba furu ni kwa ndege mla nyama tu, na ni kwa wa kwanza kumwona. Basi watoto wakaanza kufichana. Mtoto akiona nukta kwa mbali, anamwelekeza mwenzake upande mwingine ili abaki nayo peke yake.

Siku moja Nyamizi akamuuliza Shija yule ndege kule ng'ambo ni nani. Shija akatupa jicho mara moja.

"Kunguru. Kunguru hana furu."

Akageuza uso. Hakumtazama anavyoruka, hakuuliza anakwenda wapi. Nyamizi aliliona hilo. Lakini wazazi walikuwa wanafurahi, na mfuru bado ulikuwa umejaa, kwa hiyo akaendelea kugawa.

Mara ya tatu, furu zikaisha. Nyamizi akateremka kwa Ngedere, akamkuta anatafuna mbegu tupu.

"Msimu umekwisha, Mwalimu," Ngedere akasema. "Wape maneno. Maneno hayana msimu."

Nyamizi akarudi na maneno. Aliyekaa tu kwenye jiwe, hodari. Aliyepiga miayo, hodari sana, ana akili nyingi, hakuna kama yeye. Watoto waliyapokea maneno yale, wakayageuza midomoni, wakaona hakuna cha kumeza. Mmoja mmoja wakaacha kupanda.

"Hodari, Shija," Nyamizi akamwambia asubuhi moja.

"Hodari kwa nini, Mwalimu? Sijaona kitu."



Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye mfupa. Ilikuwa adhuhuri ya jua kali. Wakubwa walikuwa chini wanakula, na majani ya karibu yalikuwa yamekauka, kwa hiyo waliokuwa na njaa zaidi walikwenda mbali. Wa mbali kuliko wote alikuwa Mama Shija, kwa sababu majani mabichi machache yaliyobaki karibu alimwachia mwanawe. Zamu ilikuwa ya Shija. Nyamizi alikuwa ameketi nyuma yake.

Tai akaja kwa upande wa jua, maana Tai si mjinga. Alikuwa nukta tu, ndogo kuliko chawa, ndani ya ule mwanga unaochoma. Shija akaiona. Tena aliijua. Kwenye jabali zima hakuna mwingine ambaye angeijua kwa umbali ule. Akafumbua mdomo. Halafu, kwa mazoea, akageuza shingo kuangalia mkono wa mwalimu.

Mkono ulikuwa mtupu.

"Mwalimu," akanong'ona, kama bado kuna wenzake wa kumsikia, "nikikuambia nilichoona, utanipa nini?"

Nyamizi aliyaona macho ya yule mtoto, akaelewa. Akapiga ukelele yeye mwenyewe bila hata kujua Tai yuko wapi. Chini wakakimbia. Wa karibu wakafika pangoni. Wa kati wakafika, wakianguka na kuinuka. Kivuli kikapita juu ya majani, na Mama Shija alikuwa bado anakimbia.

Walimwona akiinuliwa. Akiwa huko juu kwenye kucha, akapaza sauti, akasema, "Shija mwanangu, uliona vizuri." Kisha Tai akapotelea nyuma ya mlima.

Jioni pimbi walikusanyika, na Nyamizi akawaeleza Shija alichomuuliza. Walisema Shija afukuzwe, kwamba mtoto aliyeuza damu ya mama yake kwa furu hawezi kulala nao pango moja. Shija alikuwa amejikunja ukutani, hali chakula. Nyamizi akasimama katikati yao.

"Mtoto aliangalia mkono," akasema. "Mkono ni wangu. Nifukuzeni mimi."

Hawakumfukuza, lakini hakuna aliyempeleka mtoto wake kwake tena. Shija alirudi juu ya jiwe kesho yake, na keshokutwa, na siku zote. Ndiyo maana mpaka leo pimbi anakodolea jua bila kupepesa, na akimwona Tai anapiga ukelele hapo hapo, hageuki kuangalia yuko nani nyuma yake.

Funzo lake ni hili, wazazi na walimu mliopo. Ukimlipa mtoto kwa kila anachojifunza, atajifunza kuangalia mkono wako. Na ukimwita hodari kila saa bila sababu, siku anapolihitaji neno hilo litakuwa halina uzito. Mwambie amepatia wapi, mwambie amekosea wapi, kisha mwache aonje mwenyewe utamu wa kujua.

Ngano imefika mlangoni kwake, mimi nageukia hapa. Aliyesikia akawasimulie waliolala.

— Tumesikia.

Yote nimeyaona, isipokuwa neno moja. Mama Shija hakusema kitu. Tai hampi mtu nafasi ya kusema. Lile neno nilimtilia mdomoni mimi, kwa sababu nilimwona yule mtoto amekaa juu ya jiwe, ameinua uso, anangoja aambiwe lolote, na hapakuwa na wa kumwambia.