Bi Mwanamkuu na Taa Zenye Akili

Wewe usinibetulie midomo kabla sijafungua wangu. Kama huamini, nyamaza usikilize.

Bi Mwanamkuu aliuza madafu kwenye mkokoteni pale njia panda, mpaka Shekuwe, mkuu wa barabara za mji, alipoleta taa zenye akili. Kamera zake zilitazama foleni, na upande wenye foleni ndefu ndio uliofunguliwa. Shekuwe akawafukuza wachuuzi wote, eti wanachafua sura ya mji.

Siku ya kumwonyesha taa mgeni kutoka wizarani, njia ya mgeni ikang'ang'ania nyekundu. Gari lake likakwama chini ya dirisha la Shekuwe, honi zinalia. Bi Mwanamkuu akabisha hodi ofisini.

"Nasikia mtambo wako umenuna, mwanangu."

"Mama, sina nafasi ya mizaha."

"Nitaubembeleza mimi. Turudishie pale petu."

"Wewe unajua nini habari za kompyuta?"

"Sijui kitu. Basi tumngoje mgeni apande ngazi, atueleze."

Shekuwe akachungulia. Mgeni alikwisha shuka garini, anafuta jasho. Shekuwe akaandika upesi kibali cha wachuuzi kurudi, akagonga muhuri.

"Haya, umeurogaje?"

Bi Mwanamkuu akakifutika kibali kifuani. "Kamera yako haitofautishi mkokoteni na lori. Wenzangu wamepanga mikokoteni foleni ile njia usiyoiona kwa dirisha hili, na taa ikiwaka kijani hawasogei, wanakula mihogo. Nakwenda kuwaambia waje tuuze."

Akatoka, akafunga mlango.