Mtoto Aliyeketi Mchangani

Mwanamke mmoja, jina lake Sechelela, alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka mitano aitwaye Wendo. Mume alifariki mtoto angali mgongoni, na Sechelela akaapa kwamba hakuna atakayesema mtoto wa mjane hakufunzwa. Basi akamfunza. Wendo alipoanza kusema, maswali yalimtoka kama mvua ya mawe: mbona moshi unapanda, mbona punda analala amesimama, nani alimwambia jogoo kumekucha. Mama alimjibu kwa jicho. Jicho lisipotosha, alimjibu kwa kofi. Maswali yakakauka, na kijiji kizima kikamsifu. Mtoto yule akiambiwa keti, huketi. Akiambiwa nyamaza, hata nzi akimtua puani hainui mkono.

Mmoja tu hakusifu. Mwalimu Yaledi, aliyefundisha chekechea kwenye baraza ya kanisa, alikuwa akiwamwagia watoto mbegu za maboga na kokoto mkekani, akiwaacha wazigawe watakavyo, kisha akimwuliza kila mmoja, "Mbona hii umeiweka huku?" Wengine waligawa kwa rangi, wengine kwa ukubwa; mmoja alisema hizi zinalika, hizi zinavunja meno. Wendo aliketi mbele ya fungu lake akingoja kuambiwa.

"Mama Wendo," mwalimu alisema siku moja, "mwanao hanisumbui hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua. Mwulize mambo huko nyumbani. Akikosea usimkemee, mwulize amejuaje."

"Mwalimu, mimi nalea mtoto, silei hakimu," Sechelela akajibu, akamshika mwanawe mkono wakaondoka.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, walikwenda korongoni kuteka maji. Katika nchi ile mto hulala chini ya mchanga miezi mingi. Watu hufukua, maji yakachuruzika, wakayachota kwa kata. Mawingu yalikuwa mbali, juu ya milima. Pale walipokuwa jua lilichoma. Ndoo ilipojaa, punda wao alikata kamba akapanda ukingo. "Kaa hapa," Sechelela akamwambia mtoto. "Usiondoke mpaka nikuambie." Akamfuata punda.

Alikuwa ndiyo kwanza amemkamata aliposikia mngurumo. Alidhani ni lori. Kisha ndege wakaruka wote kwa pamoja kutoka bondeni, na moyo wake ukajua kabla ya macho. Mvua ya milimani ilikuwa imeteremka.

Alikimbia. Alipofika ukingoni aliona maji ya rangi ya udongo yakikunja kona, yamebeba matawi. Wendo naye alikuwa ameyaona. Alikuwa amegeuza uso akiyatazama. Nyuma yake palikuwa na mteremko ambao hata mwanambuzi angeupanda. "Kimbia!" mama alipiga kelele. "Wendo, panda!" Mngurumo ukaimeza sauti. Maji yakalamba nyayo za mtoto, yakafunika miguu. Mtoto akainua uso kutazama ukingo alikopandia mama yake, mikono imeikumbatia ndoo. Na akaendelea kuketi.

Sechelela alijitupa bondeni. Maji yalikuwa yamemfika mtoto kifuani alipomdaka kwa gauni, akaanguka, akainuka, akamburuta hadi juu kwa magoti. Waligeuka kutazama. Gogo zima la mti lilikuwa likipita pale mtoto alipokuwa ameketi.

Alipopata pumzi, hofu ikageuka hasira. Akamshika bega akamtikisa, akainua mkono. "Uliyaona maji! Mbona hukukimbia?"

"Mama, hukuniambia nikimbie."

Hapakuwa na ubishi katika neno lile. Lilikuwa neno la adabu kabisa. Sechelela akalitafuta kosa la mtoto, akalikosa, na mkono uliokuwa umeinuka ukabaki hewani hauna pa kutua.

Kesho yake alimwekea Wendo ungo wa kunde. "Tuchague mbegu. Unaonaje, zipi tupande?" Mtoto hakuutazama ungo. Aliutazama uso wa mama, akilitafuta jibu humo. Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Mama akiuliza, mtoto akiusoma uso. Mama akigeukia jikoni ili asisomeke, huku jibu likimwasha ulimini naye akilimeza. Kuna siku alilia. Kuna siku nusura amwage kunde zote uani. Aliogopa kwamba kile alichokizima hakitawaka tena.

Mvua za kupandia zilipokuwa zimeanza, asubuhi moja kidole kidogo kikasogeza punje pembeni.

"Mbona hiyo iko peke yake?" mama akauliza, akiwa amempa mgongo.

Wendo akanywea, akangoja kofi. Halikuja. "Ina tundu," akanong'ona. "Mdudu kaingia." Akaigeuza punje. "Au katoka?"

Sechelela hakujua. Akaketi chini, wakaipasua punje ile kwa ukucha, wakainamisha vichwa viwili kutazama ndani.

Nanyi mnaosifiwa kwa watoto watulivu: siku maji yatakapowajia watoto hao nanyi mko mbali, mtakuwa mmewaachia kitu gani vichwani, zaidi ya sauti yenu isiyoweza kuwafikia?