Fisi na Karatasi Ndefu

Ngano yaja!
Na ije, vyombo tumeosha!
Ije na kweli?
Ije na uongo, kweli tumeichoka!

Basi, palikuwa na ukame. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, kikabaki kisima kimoja tu, ndani ya ua wa shule ya Mwalimu Korongo. Na shule ilibaki na nafasi moja. Atakayefaulu mtihani wa ufahamu ataingia na watoto wake, wanywe.

Walikuja wawili. Alikuja Fisi, tumbo mbele. Alikuja Pimbi, kadogo, hata mkia hana. Nyuma yake watoto watatu, ndimi zimekauka.

"Karatasi hazitoshi," akasema Korongo. "Habari ni hii ndefu, maswali ni haya mafupi. Gawaneni."

Nyaku! Fisi akaikwapua ile ndefu. "Majibu yamo humu, mama. Wewe tafuna hayo maswali."

"Asante, mzee," akasema Pimbi. Akasoma swali la kwanza, polepole. Akasoma la pili, polepole. Sasa alijua anachotafuta, ila hakuwa na pa kukitafutia.

"Mzee Fisi, kweli utaweza kuyasoma yote hayo? Nasikia ukoo wenu mnajua kucheka tu."

"Nani kasema?"

"Wanasema tu huko."

"Sikiliza basi!" Fisi akasimama, akasoma gwa-gwa-gwa, toka juu hadi chini: "Kijijini Mbugani aliishi fisi mmoja mpole. Chakula chake maboga. Nyama aliionja siku ya harusi tu. Akiona mbuzi, alikimbia."

Alisoma bila kusikia anachosoma. Alikuwa akiisikiliza sauti yake.

Ngo! Ngo! Kengele ikalia.

"Kwa mujibu wa habari," akauliza Korongo, "chakula cha fisi huyu kilikuwa nini?"

"Mifupa!" akasema Fisi. "Mwalimu, hilo ni la kuniuliza mimi?"

"Pimbi?"

"Maboga."

Fisi akacheka hadi akakaa chini. "Maboga! Maskini, kiu imempanda kichwani."

"Alimkimbia nani?"

"Simba! Hata mimi namkimbia."

"Pimbi?"

"Mbuzi."

"Mbuzi! Mwalimu, mfukuze huyu!"

Korongo akadonoa karatasi ndefu, do, do: hapa maboga, hapa mbuzi. Fisi akasoma. Akasoma tena.

"Aliyeandika haya hawajui fisi!"

"Labda hawajui," akasema Korongo. "Sikukuuliza hilo."

Pimbi alikuwa ameshafika kisimani, watoto watatu vichwa ndani ya ndoo, chubwi, chubwi. Walipotosheka, akampitishia Fisi kata moja ya maji juu ya ua. Fisi akanywa, huku akimweleza kwamba boga halina hata harufu.

Ngano imefika kwake, nami nimefika kwangu.

Fundisho, wanangu: mtihani si mahali pa kuonyesha unachokijua. Na mkigawiwa karatasi, pokonyeni ile ndefu. Fisi aliipata, na hakuna aliyemzuia.