Jina Lililoteleza Mimbarini

Inasimuliwa kwamba katika zama za masultani wa Delhi, huko Bara Hindi, palikuwa na khatibu mcha Mungu aliyeitwa Maulana Fasihuddin, Mola amrehemu. Kwa miaka thelathini alipanda mimbari ya msikiti mkuu, na kila Ijumaa, katika khutba ya pili, alimwombea Sultani kwa jina lake. Ndiyo iliyokuwa ada ya dola zile: jina la mtawala likisomwa mimbarini, mji umetii, lisiposomwa, mji umeasi.

Sultani mzee akafariki, na mwanawe akakalia kiti baada ya kumfunga nduguye ngomeni kwa dhana tu kwamba anapanga uasi. Jina la Sultani huyu mpya wasimulizi wamelisitiri, nasi tusilifukue. Alikuwa mtu wa kuogopa hata kivuli chake. Chakula chake kilionjwa mara tatu, na msikitini kila safu ilikuwa na mpelelezi wake, hata ikawa waumini wanapotoa salamu mwisho wa swala, kila mmoja anamchungulia jirani kwa pembe ya jicho.

Ijumaa ya sita ya utawala huo, Maulana aliinua mikono, akamwomba Mwenyezi Mungu amzidishie Sultani umri na nusura. Ulimi ukateleza, akataja jina la baba. Alimwombea umri mrefu mtu aliyekwisha kuzikwa, na msikiti mzima, kwa mazoea, ukaitikia "Amin". Ndipo watu walipogutuka.

Kabla ya alasiri habari zilikuwa zimefika kasrini. Khatibu kukosea, Sultani alisema, huenda ni uzee. Lakini mji mzima kumwitikia? Hiyo ni njama. Akatuma askari.

Mkewe Maulana, Bibi Nasiba, alimfunga kilemba askari wakiwa mlangoni. Akamnong'oneza, "Waambie ulikuwa ukimrehemu marehemu. Nani atajua?"

"Nilimwombea umri, bibi. Maiti haombewi umri."

"Basi nyamaza tu."

"Nikinyamaza, watanijazia wao maneno."

Alipofikishwa barazani, Sultani alimuuliza, "Nani aliyekutuma?"

"Hakuna, ewe Sultani. Nimeteleza."

"Na walioitikia, nao wameteleza?"

"Wamezoea kuitikia kabla hawajasikia. Hilo ni kosa letu mbele ya Mola, mimi na wao."

Sultani alishuka kitini akamsogelea, akasema kwa upole ambao ulitisha kuliko ukali. "Maulana, mimi najua ni ndugu yangu. Sema tu kwamba alikuletea ujumbe. Utarudi kwa mkeo kabla ya magharibi, na joho la heshima mabegani."

Mwenye upanga alikuwa hatua mbili nyuma ya Maulana. Neno moja lingemwokoa mzee yule, na mfungwa asiye na hatia angeuawa kwalo. Maulana aliogopa, tusimpambe. Magoti yalimtetemeka hata kanzu ikaonekana inatikisika.

"Ndugu yako sijapata kupokea neno lake," alisema. "Ukitaka kweli, ni hii, nayo inanidhuru mwenyewe. Baba yako nilimwombea kwa moyo miaka thelathini. Wewe nimekuombea Ijumaa tano kwa kusoma karatasi. Leo karatasi niliisahau nyumbani."

Baraza likainamisha vichwa. Sultani alimkazia macho kitambo kirefu, akiutafuta uongo, asiuone. Mwongo gani angejichagulia maneno mabaya namna ile? Kisha akawageukia mawaziri wake. "Hawa wote wananiombea bila karatasi," alisema, nao wasijue pa kuweka macho. "Rudi nyumbani, mzee. Uisome karatasi yako. Siku utakayoweza kuniombea bila hiyo, iweke chini, nipate kujua."

Tangu hapo Sultani akawa anaswali safu ya mbele, akiitazama karatasi ile. Miezi ikapita, karatasi iko mkononi. Akadhani mzee anamfanyia kiburi, akapeleka wapelelezi. Wakarudi kusema kwamba hawakuona kitu ila mtu anayeswali, anayekula kidogo na kulala. Jambo hilo lilimkera kuliko njama yoyote. Mwishowe akaanza kulitafuta kosa kwake mwenyewe, na katika mwaka wa pili, siku ya Jumatano, akaagiza ngome ifunguliwe na nduguye atoke huru.

Ijumaa iliyofuata Maulana alipofika kwenye dua, aliikunja karatasi, akaiweka chini, akalitaja jina la Sultani taratibu huku machozi yakimlenga. Watu waliitikia wote isipokuwa Sultani mwenyewe, ambaye alikuwa akilia.

Ndugu zangu, kila nikikisimulia kisa hiki mimi huyakumbuka yale magoti. Mola hakumtaka mzee yule asiogope. Alimtaka asimtaje mtu asiye na hatia, na hilo aliliweza huku akitetemeka.