Madoa Kwenye Makoti ya Wauguzi

Asubuhi hiyo ya Jumatano dobi alifungua mfereji wa uani, akaweka beseni chini yake, akageuka kuchukua sabuni. Aliporudi, beseni lilikuwa limejaa maji ya kahawia, mazito kama chai iliyosahaulika jikoni, nayo yalinuka yai viza. Hii ilikuwa mara ya nane katika mwezi mmoja, na safari hii hasira zilimpanda hadi utosini.

Watu walimwita Mama Pamba, kwa kuwa nguo nyeupe haikutoka mikononi mwake ila iwe nyeupe pepepe. Sifa hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya kufua makoti ya wauguzi wa hospitali ya wazazi, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe watatu tangu mumewe afariki. Sasa makoti yalikuwa yakitoka katika maji yana madoa mekundu mabegani na mifukoni. Aliyaloweka katika klorini, dawa ambayo haikuwahi kumwangusha. Madoa yakazidi kukolea! Jamani, mtu afue mpaka vidole vichubuke, kisha aambiwe ni mchafu?

Jana yake, Matroni wa hospitali alimrudishia furushi zima. "Mama Pamba," alisema, "mzazi akimwona muuguzi na koti la namna hii atakimbilia nyumbani na uchungu wake. Nakupa mpaka Ijumaa. Makoti thelathini, meupe, yasiyonuka. La sivyo nitatafuta dobi mwingine, na usinilaumu."

Mama Pamba alikuwa angali akilitazama beseni pale mdogo wake wa kiume alipoingia. Huyu aliitwa Koleo kwa sababu koleo halikumtoka mfukoni. Ndiye aliyekuwa fundi bomba wa familia. Miezi sita iliyopita dada yake alinunua mabomba mapya ya plastiki ili yale ya chuma, yaliyochakaa, yaondolewe. Koleo alijifungia uani siku mbili akigongagonga, kisha akapiga plasta na chokaa. Ukuta ukapendeza, na dada yake akamshukuru mpaka akaona haya.

"Dada, mabomba yako hayana hata mwaka," alisema sasa, akiinusa hewa kwa mbali. "Wewe jiulize, nyuma ya ukuta huu yuko nani? Si yule mtia rangi? Kila siku anamwaga marangi yake chini, yanapenya, yanaingia kwenye maji yako. Mimi ningekuwa wewe nisingenyamaza."

Mtia rangi mwenyewe aliitwa Bi Nili, mwanamke aliyepika rangi katika mapipa na kuchovya vitambaa humo, mikono yake ikiwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Alikuwa amekaa ukuta mmoja na dobi kwa miaka tisa. Mvua ikinyemelea, mmoja alianua nguo za mwenziwe bila kuagizwa. Lakini wiki ile Bi Nili alikuwa akipika rangi ya kahawia, na Mama Pamba alikuwa ameliona pipa hilo kwa macho yake. Basi hakutaka ushahidi mwingine. Alilibeba beseni, pamoja na koti moja lenye madoa, hadi mlangoni kwa jirani yake, ambako wateja walikuwa wamejipanga, akalitua mbele yao kwa kishindo.

"Tazameni! Tazameni anachoninywesha jirani yangu! Rangi yake imo ndani ya maji yangu, imo ndani ya makoti ya watu, inataka kuninyang'anya mkate wa wanangu!"

Alitoa povu siku hiyo kuliko mabeseni yake yote. Bi Nili alisimama akimtazama, mwiko mkononi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Sijamaliza!"

"Basi maliza, nakungoja."

Wateja wawili walikuwa wamekwisha kuondoka na vitambaa vyao. Bi Nili aliwaona wakienda. "Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa, na hukuweza hata kubisha hodi ukaniuliza! Haya, nipe hilo koti."

Aliingia ndani, akatoka na ndimu na kijiko cha chumvi. Alikata ndimu, akakamua nusu yake juu ya kitambaa alichokipika mwenyewe, cha kahawia, akasugua kwa chumvi mpaka jasho likamtoka. Kitambaa kikabaki vilevile. Kisha akakamua nusu ya pili juu ya doa la koti, akasugua, akaliacha juani. Watu wakasogea. Haukupita muda, doa likaanza kufifia, likawa la manjano, likapotea.

"Rangi yangu ingekuwa inakimbia ndimu, ningekula nini?" alisema Bi Nili. "Kinachokimbia ndimu ni kutu. Nawe ulikuwa unaitilia klorini, ambayo ndiyo inayoinogesha. Maji yako yana kutu, jirani. Kutu sipiki mimi."

Mama Pamba alitahayari, lakini swali moja lilibaki. "Kutu? Mabomba yangu ni ya plastiki. Plastiki tangu lini ikapata kutu?"

"Ni ofisi ya maji!" Koleo, aliyekuwa amemfuata dada yake, alidakia haraka. "Maji yao yameoza tangu kwenye chanzo. Mji mzima unakunywa uchafu!"

Mama Pamba alikwenda huko mbio. Mchana alirudi na fundi wa ofisi ya maji, mama mfupi aliyechoka kutukanwa, ambaye kwanza alichota bilauri moja penye mita, nje ya nyumba, na ya pili kwenye mfereji wa uani. Ya kwanza ilikuwa safi, haina harufu. Ya pili ilikuwa ya kahawia.

"Maji yameingia kwako yakiwa mazima," alisema yule fundi. "Yanaharibikia ndani. Asubuhi yanakuwa mabaya zaidi?"

"Mabaya kabisa. Yakitiririka sana yanapungua kidogo."

"Kwa sababu usiku kucha yamelala ndani ya chuma."

"Chuma kipi? Nimekwambia ni plastiki!"

"Tuvunje hapa tuone."

"Msivunje ukuta!" Koleo aliruka mbele. "Plasta hiyo ni kazi yangu, dada, mtaniharibia kazi!"

Hapo ndipo Mama Pamba alipomtazama mdogo wake vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Vunja," alimwambia fundi. Nyundo ilipiga mara tatu, plasta ikamwagika, na ndani yake pakaonekana bomba lile lile kuukuu la chuma, jekundu kwa kutu. Fundi alilikata kipande. Humo ndani tope la kutu lilikuwa limejaa hadi kubakiza tundu la kupitisha penseli, nalo ndilo lililokuwa likinuka yai viza. Walipogeuka kumuuliza Koleo, hakuwepo.

Mama Pamba hakulia. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa mdogo wake, mtaa wa tatu. Ukutani mwa ua mabomba mapya ya plastiki yalikuwa yamepita nje nje, meupe, yakiishia kwenye mfereji unaong'aa. Dobi huyu alikuwa na mazoea yaliyowachekesha watu: kila kilichoingia mlangoni kwake, kiwe shuka au ufagio, alikitia alama kwa wino usiofutika, nukta mbili na mstari. Aliinama. Kwenye bomba la kwanza palikuwa na nukta mbili na mstari. La pili vivyo hivyo. Hata kulikwangua, mwizi wake hakujali.

Koleo alitoka ndani, macho chini. "Dada, nilikuwa na shida. Nilijua yale ya zamani yangeweza kuvumilia kidogo. Tusifikishane mbali, damu ni nzito kuliko maji."

"Maji!" Mama Pamba alipaza sauti hadi majirani wakachungulia. "Maji yenyewe umeniachia yapi? Umenisikia nikimtukana mtu asiye na hatia, ukaniongezea kuni! Watoto wangu wanakuita mjomba, nawe unawatilia kutu kwenye kikombe!"

Koleo alirudi ndani, akafunga mlango. Dada yake alirudi mtaani kwake, akapita kwa kila mteja aliyemwona Bi Nili akidhalilishwa, akasema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba alikosa. Mlangoni kwa jirani yake alitaka kupiga magoti, lakini Bi Nili alimshika mkono. "Simama. Kupiga magoti hakutakatishi koti. Makoti yako wapi?"

Alhamisi alfajiri wanawake wawili walionekana wakisukuma mkokoteni wenye makoti thelathini, mabeseni manne na mfuko wa ndimu. Hawakwenda kwa dobi. Walikwenda kwa Koleo, wakafungua mfereji wake, wakaanza kufua pale pale uani pake. Mke wa Koleo alitaka kuuliza, akaona ile alama, akarudi jikoni. Kila jirani aliyepita alisalimu akauliza, "Kulikoni, dobi? Mbona leo unafulia huku?" Na kila mmoja alijibiwa yote, tangu mwanzo hadi mwisho, huku akionyeshwa nukta mbili na mstari kwenye bomba. Koleo alikaa ndani siku nzima, akihesabu mbao za dari.

Ijumaa Matroni alifungua furushi, akalinusa koti la juu, akageuza mifuko, akatafuta doa mpaka akachoka. "Kazi ni yako," alisema mwishowe. "Lakini niambie, ni adui gani aliyekufanyia uchafu ule?"

"Angekuwa adui ningemtazama tangu mwanzo," alijibu dobi. "Nilimtafuta kwa jirani, nikamtafuta ofisini, kumbe nimempikia chakula mwenyewe. Kikulacho, Matroni, ki nguoni mwako."