Pancha Nne za Sungura

Mvua iliponyesha katika mji wa Tambarare baada ya ukame wa miaka miwili, wanyama walicheza ngoma siku nzima. Siku ya pili wakakumbuka kwamba hawana mbegu. Wakati wa njaa kila nyumba ilikuwa imekula mahindi yake yote, kisha ikala hata yale yaliyotundikwa juu ya moshi kwa ajili ya kupanda. Sasa mashamba ya nje ya mji yalikuwa yamelowa vizuri, meusi, tayari, na hapakuwa na punje moja ya kutia ardhini.

Mbegu zilikuwa mahali pamoja tu: ghalani kwa Mfalme Simba, magunia ishirini.

Wanyama wakaenda kuomba. Simba hakuwa mchoyo. Alikuwa na majivuno tu, na mwenye majivuno hatoi kitu kimyakimya.

"Nitatoa magunia yote ishirini," alisema, "kwa mshindi wa mbio za baiskeli. Mizunguko thelathini kuuzunguka mtaa wa soko. Nami nitashiriki."

Wanyama wakapiga makofi. Ilikuwa zawadi kubwa, na kila mmoja alielewa kwamba mfalme amekusudia kujizawadia mwenyewe.

Sungura naye alijiandikisha siku hiyo hiyo. Jioni alipita mtaa wa Bondeni, wanakoishi wanyama wadogo, akawatuliza. "Msiwe na wasiwasi, ndugu zangu. Nikishinda sitamnyima mtu mbegu. Kila mtu atakuja kulima shamba langu kwanza, apalilie, avune, kisha nitampa mbegu akapande kwake."

"Wakati huo mvua si itakuwa imekwisha?" aliuliza Panya.

"Mvua si yangu, Bi Panya. Yangu ni mbegu."

Alipoondoka, Panya, Mbuzi na Kuku walikwenda nyumbani kwa Punda. Punda alikuwa mchukuzi wa maji. Katika ukame wote alizunguka mjini na baiskeli yake nzito, madumu manne nyuma, akimfikishia kila mtu mlangoni. Mvua iliyomfurahisha kila mtu ndiyo iliyomwachisha kazi. Walimkuta amekaa kibarazani, anatazama maji ya bure yakitiririka mtaroni.

"Dada Punda, tunakuomba utushindanie," alisema Panya.

"Mimi? Na Simba? Baiskeli yangu ina uzito wa kaburi la mtu."

"Basi angalau mwaka huu huna madumu nyuma."

Punda alicheka bila kutaka. Aliwatazama watoto wa Kuku waliojikunyata chini ya paa, mbavu nje. Akakubali.

Siku ya mbio mvua ilinyesha tangu alfajiri. Njia ilianzia lango la soko, ikateremka mtaa wa Washonaji, ikakata kona kali kwenye kinu cha kukamulia ufuta, ikapita mbele ya ua wa kasri na kurudi langoni. Ilikuwa fupi kiasi kwamba mwendeshaji mmoja angeimaliza kabla mtazamaji hajamaliza kumenya chungwa. Ubaya wake ulikuwa kwenye kona ya kinu. Mafuta yalikuwa yamemwagika pale miaka na miaka hadi barabara ikayanywa, na mvua ikinyesha barabara iliyatapika. Palikuwa panang'aa vizuri sana, kama kitu cha kualika watu.

Mwamuzi alikuwa Kanga, ambaye katika maisha yake hajapata kukosea hesabu wala kumsamehe aliyekosea. Aliweka mbele yake kopo moja kwa kila mshindani, na kila mshindani alipopita alidondosha kizibo cha soda koponi mwake. Vizibo thelathini, mbio zimekwisha.

"Kanuni ni mbili," alitangaza. "Kwanza, nikipiga kengele, atakayepita mbele katika mzunguko ule atapata samaki mkavu mmoja kutoka kasri. Pili, atakayepata pancha ataingia kwa fundi Nungunungu, atazibiwa, na kundi likirudi atajiunga nalo. Mzunguko alioukosa atasamehewa, na kizibo chake kitadondoshwa. Ila mizunguko mitano ya mwisho haina msamaha."

Kanuni ya kwanza ilimtoa udenda Fisi, mmoja wa washindani. Ya pili Sungura aliomba irudiwe, akaisikiliza kwa makini, masikio yote mawili yamesimama.

Wakaondoka. Simba alishika mbele mara moja, manyoya ya shingoni yamelowa na kumgandia kama kilemba kibaya. Mfalme hawezi kufuata mgongo wa mtu, hivyo upepo na mvua yote vilimpiga yeye, na raia wake walikaa nyuma yake kwa utulivu, wakimwacha awakinge. Hajapata mfalme kuwahudumia watu wake vizuri hivyo, na bila kujua.

Fisi hakufikiria mbegu hata kidogo. Mbegu ni chakula cha miezi minne ijayo, na Fisi hakuwahi kuwa na ahadi na mtu kwa muda mrefu namna hiyo. Kila kengele ilipolia alinyonga baiskeli kama aliyefukuzwa, akampita hata Simba, akanyakua samaki, akamla huku akiendesha kwa mkono mmoja. Kufikia mzunguko wa kumi na tano alikuwa na samaki watano tumboni na magoti yake yaligonga kitambi kila alipokanyaga pedali.

Punda alikaa katikati. Miguu ilimuuma, lakini njia aliijua. Kila alipofika kona ya kinu aliacha kunyonga, akaweka mwili wima, akapita taratibu kwa nje palipokuwa na changarawe. Watazamaji walimcheka. "Dada Punda, hujabeba maji leo! Fungulia!"

Na Sungura? Sungura alikuwa na bahati mbaya. Mzunguko wa sita alipata pancha katika mtaa wa Washonaji. Wa kumi na mbili, pancha. Wa kumi na nane, pancha tena. Kila mara alisukuma baiskeli hadi kibandani kwa fundi, uso umejaa huzuni, akaketi kwenye kigoda, akapewa uji wa muhogo wa moto wakati tairi likizibwa. Kundi liliporudi alijiunga nalo, amepumzika, ana joto, midomo inanukia tangawizi.

Safari ya tatu fundi Nungunungu alivuta kutoka tairini mwiba mrefu, mweusi na mweupe, akautazama, kisha akageuka kuitazama miiba ya mgongoni mwake mwenyewe. Ulikuwa mwiba wake. Yote mitatu ilikuwa miiba yake.

"Nina aibu," alimnong'oneza Sungura. "Ni mimi ninayemwaga miiba barabarani. Unisamehe, bwana."

"Usijali, fundi," alisema Sungura kwa upole, huku akichomoa mwingine mgongoni mwa fundi, kama alivyofanya tangu asubuhi, na kuuficha kofiani. "Ni ajali. Niongezee uji."

Kwa kuwa mvua ilizidi, Sungura aliyakunja masikio yake ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga kidevuni. Hivyo mwenye masikio ya kusifika mjini kote akawa hasikii kitu.

Mzunguko wa ishirini na nne aliingia kibandani kwa mara ya nne. Kigoda kilikuwa kimekaliwa, akanywa uji wake amesimama huku tairi likizibwa. Fisi alikuwa ametangulia, baiskeli yake imelala kando ikiwa nzima kabisa.

"Nimesikia hapa kuna uji," alisema Fisi.

"Uji ni kwa wenye pancha," alijibu fundi.

Fisi, ambaye alikuwa amemwona Sungura akijichomea tairi, akamgeukia, na kwa kuwa aliona masikio yamefungwa, alipaza sauti hadi langoni mwa soko. "KAKA SUNGURA, NIAZIME MWIBA MMOJA! KAMA ULE UNAOJICHOMEA!"

Sungura alisikia sauti kwa mbali, akadhani anasalimiwa. "Nzuri tu," alisema, akarukia baiskeli yake, kwani kundi lilikuwa linapita.

Lakini meza ya Kanga ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kanga alinyanyuka, akaja kibandani, akaomba kuonyeshwa miiba minne, akaihesabu mara mbili. Kisha akamwuliza Nungunungu, "Fundi, tangu lini wewe hutembea barabarani mtaa wa Washonaji?"

"Sijatoka kibandani hapa tangu asubuhi, mama," alisema fundi, na alipokuwa bado anasema ndipo alipoelewa.

Kanga alirudi mezani. Alichukua kopo la Sungura, akatoa vizibo vinne, kimoja kimoja, umati wote ukimtazama. Sungura alipopita alimwambia kwa sauti yake kubwa kwamba misamaha minne imefutwa, anadaiwa mizunguko minne. Sungura akampungia mkono. Mzunguko uliofuata akamwambia tena. Sungura akambusu hewani.

Ukafika mzunguko wa mwisho. Simba alikuwa bado mbele, anahema kama mvukuto. Mtaa wa Washonaji ulipoanza kuteremka, Sungura aliyepumzika mara nne alimpita pembeni, mwepesi, akamrushia maji ya dimbwi usoni. Fisi alikuwa akipita kwa ajili ya samaki tu; mkia wa mnyama anayetaka ushindi Simba hakuwa amewahi kuuona kwa ukaribu ule. Alinguruma, akanyonga kwa nguvu zote zilizobaki, na hakugusa breki.

Sungura, mwepesi kama alivyo, alipenya kona ya kinu. Simba hakupenya. Gurudumu la mbele lilikwenda kushoto, la nyuma kulia, na mfalme akaenda moja kwa moja, kwa tumbo, mpaka mlangoni mwa kinu.

Punda, aliyekuwa amewaacha wengine nyuma, alifika pale, akaacha kunyonga, akakaa wima, akapita juu ya changarawe. Alimwona Sungura mbali mbele na akajua yamekwisha. Aliwaza watoto wa Kuku wakipalilia shamba la mtu huku mvua ikiishia zake. Machozi yalimtoka, mvua ikayafuta. Hata hivyo hakuacha kunyonga, maana alikuwa ameombwa ashindane, na mstari haukuwa umefika.

Sungura alivuka mstari mikono juu. Umati ulikuwa unacheka hadi kushikana mabega, naye akainama huku na huku kuwashukuru. Alipofungua mfuko masikioni, jambo la kwanza alilosikia ni sauti ya Kanga.

"Endelea, kijana. Umebakiza minne."

Punda akafika nyuma yake, kichwa chini. Panya alimrukia shingoni.

"Mbona mnacheka?" Punda aliuliza. "Nimeshindwa."

"Hesabu vizibo, dada yangu!" alilia Panya. "Hesabu mwenyewe!"

Kopo lake lilikuwa na thelathini. La Sungura lilikuwa na ishirini na sita. Punda alivihesabu vyake mara tatu, akakaa chini barabarani, katikati ya maji.

Simba alifika akiisukuma baiskeli, ubavu mzima umepakwa mafuta ya ufuta. "Mfalme hakuanguka," alisema. "Mfalme alikuwa anaikagua barabara. Ni mbovu. Na ushindi huu nimempa Punda kwa hiari yangu." Wakampigia makofi, na magunia yakatolewa, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kubishana.

Punda alipanga foleni hapo hapo sokoni na kumpimia kila mmoja bakuli moja la mbegu. Fisi aliambiwa kwamba hizi si za kula, akaapa kwamba analijua hilo, akaomba bakuli la pili.

Sungura alitaka kuingia foleni. Kanga akamzuia: karatasi aliyotia sahihi ilisema anayedaiwa mizunguko haondoki barabarani mpaka ailipe. Basi alizunguka mizunguko minne peke yake mvuani, bila mgongo wa Simba wa kumkinga, huku mji mzima ukimhesabia kwa sauti. Alipomaliza, alisimama mwisho kabisa, akiwa na maneno matatu makali tayari, akimsubiri Punda amdhihaki au amnyime.

Punda hakumdhihaki. Alichota bakuli, akalisawazisha kwa kiganja, akammiminia, akasema, "Kapande mapema, mvua haingoji."

Sungura aliondoka na mbegu zake, yale maneno matatu bado mdomoni. Hila zake zote, miiba minne na vikombe vinne vya uji, zilikuwa zimemletea sawasawa na alichopewa Panya, ambaye hakuendesha hata hatua moja. Siku ya pili alilima shamba lake mwenyewe, kwa jembe lake mwenyewe. Wanaosema walimwona wanasema alikuwa polepole sana, maana ndiyo kwanza alikuwa anajifunza.