Zulia Humeza Kishindo

"Zulia humeza kishindo." Mliusikia msemo huu jana kwenye mkutano wa vijana, mkacheka, sasa mwaniuliza umetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Mkawasi unayetaka kugombea ubunge, sogea karibu. Msemo huu ulianza hivi.

Mwaka ule wa maandamano, vijana walikuwa na desturi moja. Wakizuiwa na polisi hawakurusha mawe. Walisimama wakapiga mguu wa kulia chini, wote kwa pamoja, mpaka lami ikanguruma na vioo vya maduka vikatetemeka. Aliyewaongoza ni Mwakio, mtoto wa jirani yetu. Rafiki yake wa damu alikuwa Righa, mwana wa Wakesho, yule shoga yangu tuliyekuwa tukiuza mboga pamoja. Siku moja Righa alikamatwa, akatiwa kwenye gari lisilo na namba. Wakesho aliletewa kiatu kimoja tu, kilichookotwa barabarani.

Serikali ikaanguka, uchaguzi ukaitishwa. Mwakio akaja kwa Wakesho kuomba kura ya ubunge na baraka.

"Mama, nikiingia mle ndani, neno langu la kwanza litakuwa: Righa yuko wapi?"

"Na wakikunyamazisha?"

"Nitapiga mguu, Mama. Si unaujua mguu wangu?"

Wakesho akacheka, mara ya kwanza tangu mwanawe apotee. Tukampigia kura sote.

Siku yake ya kwanza kusema, nilimsindikiza Wakesho bungeni, tukakaa juu kwenye viti vya wageni. Kile kiatu cha Righa, alichokuja nacho Wakesho, kilizuiliwa getini na askari. Mwakio akasimama, suti imemkaa. Alipotaja tu jina la Righa, Spika akamkatiza.

"Mheshimiwa, jambo hilo liko mahakamani. Halizungumzwi humu. Keti."

Mwakio hakuketi. Aliinua mguu akaupiga chini kwa nguvu zake zote. Tuliuona ukishuka. Sauti hatukuisikia. Zulia la mle ndani ni nene kama godoro.

"Mheshimiwa ameumwa na siafu," mbunge mmoja akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Mwakio naye akatabasamu kidogo, akaketi.

Tabasamu lile ndilo lililonitisha.

Alitufuata nje. "Mama, humu kuna utaratibu wake. Nipe muda."

Wakesho alikuwa anapokea kiatu chake kwa askari. Akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Mguu niliuona, mwanangu. Hukunidanganya. Ila zulia humeza kishindo."

Muda alipewa. Akajifunza kanuni zote za Bunge, akasifiwa kwa ustaarabu, akachaguliwa tena. Jina la Righa hakulitaja tena. Wakesho tulimzika bila kujua mwanawe alilala wapi, na kile kiatu nikakiweka pembeni yake kwa mkono wangu.

Sikukatazi kugombea, Mkawasi. Mimi ni mama, naogopa tu. Huko ndani utapiga mguu, nao watacheka. Usicheke nao, mwanangu. Zulia humeza kishindo.